Shajara ya chenso: safari ya oili hadi kwenye pua ya bapa

3 Juni

Leo bapa la chenso (msumeno wa injini), kile chuma kirefu ambacho mnyororo unakizunguka, limeungua. Tulikuwa kwenye ubao wa tatu wa gogo la mlingoti (mkaratusi) lenye upana wa sentimita 60 hivi, moshi ukaanza kufuka upande wa pua, na haukuwa moshi wa injini. Nikazima, tukafungua fremu, ile inayoshika chenso ili ubao utoke sawasawa. Sehemu ya kama sentimita 20 kuelekea puani imegeuka rangi ya buluu, mfano wa kisu kilichosahauliwa kwenye makaa. Chuma kikifika rangi hiyo kimepita nyuzi 290 za joto, na kingo zilizofika hapo hupoteza ugumu wake. Zitaanza kulika haraka. Hili ni bapa la pili tangu mwaka uanze.

Chenso yenyewe ni ya sisi (cc) 92 na bapa la inchi 36. Tunapasua mbao kwa fremu huku Mufindi, mkoani Iringa, milingoti ya watu na paina za mashamba binafsi, na kupasua si sawa na kuangusha mti. Anayeangusha anakata dakika mbili tatu, anazima, anatembea. Sisi tunafuata nyuzi za gogo lenye urefu wa mita tatu na nusu, resi yote, mnyororo umezama kwenye mti upana wote wa gogo, na haupati nafasi ya kupoa mpaka ubao uanguke.

Kila mtu niliyemwonyesha bapa leo ameniambia pampu ya oili, ile inayolainisha mnyororo, imekufa, ninunue nyingine. Huenda. Lakini mwaka jana nilinunua pampu kwa ushauri huohuo na nimerudi palepale. Safari hii nitapima kwanza, na nitaandika humu kila nitakachogusa, kimoja kimoja, ili nijue kipi kimeleta mabadiliko.

5 Juni

Kipimo cha kwanza. Nimenunua bomba la sindano la mililita 60 kwenye duka la dawa za mifugo. Nimejaza tenki la petroli na tenki la oili mpaka shingoni, tumepasua mpaka petroli ikaisha, dakika 22 kwa saa ya simu. Kisha nikarudishia oili kwa bomba la sindano mpaka shingoni tena, nikihesabu. Mililita 95.

Tenki hili linabeba mililita 360. Watengenezaji hupanga mambo ili petroli iishe kwanza huku oili ikiwa imebaki kidogo, kusudi mnyororo usikauke hata mara moja. Kwa hiyo tenki moja la petroli lilipaswa kuondoka na oili isiyopungua mililita 250. Yangu inatumia robo ya tenki na kidogo. Kijana ninayefanya naye kazi alikuwa anafurahi kwamba chenso yetu "haili oili". Nimemwonyesha bapa.

Jaribio la pili ni la kadibodi. Unaelekeza pua ya bapa kwenye kadibodi safi, umbali wa kama shubiri, bila kuigusa, unapiga resi sekunde kumi. Chenso yenye afya inachora mstari wa matone. Yangu imetoa madoa matatu, mojawapo ni maji ya mlingoti.

6 Juni

Nimeanzia kwenye tenki. Nimelegeza kifuniko cha oili na kurudia jaribio la kadibodi, maana tenki lina kitundu cha kuingiza hewa, na kikiziba oili inashindwa kutoka, kama maji kwenye dumu lenye tundu moja. Kifuniko kikiwa kimelegea hakuna kilichobadilika, basi hewa inapita. Dakika tano tu, na sababu moja imefutwa.

Kichujio ndicho kilichonisikitisha. Nimekivuta kwa waya uliopindwa ncha, kikatoka kimevaa tope jeusi, zito kama lami, na ndani ya tope kuna chembe zinazong'aa nikigeuza mkono juani. Hizo ni chembe za chuma, na zimetoka kwenye injini za watu. Miaka yote nimetumia oili chafu, ile inayomwagwa gereji lori linapobadilishiwa oili, kwa sababu inapatikana kwa bei ya soda. Nimekuwa nikimimina masizi na chuma kilichosagika kwenye pampu yenye pistoni nyembamba kuliko penseli, kisha naishangaa pampu ikichoka.

Nimeosha tenki kwa petroli mara tatu, mpaka petroli ikatoka na rangi yake. Kichujio nacho nimekiosha, nikakipuliza. Nimefungua bapa na mnyororo, nikawasha injini kwa resi ya kati na kuchungulia tundu la oili linalotoka kwenye mwili wa chenso. Oili inatoka, kwa mapigo, imara. Pampu ni nzima! Nimeandika sentensi hiyo kwa herufi kubwa kwenye mlango wa stoo.

Nimerudisha kila kitu na kupima tenki zima la petroli. Mililita 170. Tumesogea, lakini kadibodi bado inachora madoa, siyo mstari.

9 Juni

Hii ndiyo siku yenye faida kuliko zote, kwa hiyo nitaieleza taratibu.

Oili ikitoka kwenye mwili wa chenso inakutana na tundu dogo lililoko mkiani mwa bapa. Inapita hapo, inaangukia kwenye mfereji, na viungo vya mnyororo vinavyotembea ndani ya mfereji vinaisomba. Mnyororo unaenda kwa ukingo wa juu kuelekea puani, unageuka, unarudi kwa ukingo wa chini. Ukingo wa chini ndio unaokata. Maana yake upande unaofanya kazi ndio wa mwisho kupata oili, na kwa bapa la inchi 36 oili imesafiri karibu mita nzima kabla haijafika kwenye mti. Mnyororo wenyewe unakimbia kama mita 20 kwa sekunde, na pale unapogeuka puani sehemu kubwa ya oili inarushwa nje.

Nilipochungulia mfereji kwa tochi sikuona mfereji. Umejaa maranda yaliyochanganyika na utomvu wa paina na oili chafu, yakakaangwa na joto mpaka yakawa magumu kama ukoko wa ugali. Mfereji una upana wa milimita 1.6. Blade ya msumeno wa chuma inaingia vizuri, nikiivunja na kuinoa ncha iwe kama ndoano. Nimekwangua kutoka puani kuelekea mkiani, kingo zote mbili, saa nzima. Kilichotoka kinajaza kiganja. Tundu la mkiani nimelizibua kwa spoku ya baiskeli.

Kisha nikaona jambo la pili. Kila asubuhi chenso hii huacha dimbwi dogo la oili chini yake, na mimi nilikuwa nalisoma kama dalili njema, kwamba oili inatembea. Leo nimepaka masizi kuzunguka tundu la oili kwenye mwili wa chenso, nikalikaza bapa mahali pake, nikalifungua na kuangalia alama. Matundu hayakutani! Bapa hili si lile lililokuja na chenso. Nilinunua la aina nyingine lenye urefu sawa, skrubu zikaingia, nikaridhika. Tundu lake limekaa chini kwa karibu milimita nne, na mdomo wa chenso unaligusa kwa pembe tu. Nusu ya oili ilikuwa inapita nyuma ya bapa, inaingia kwenye kifuniko cha klachi, inachanganyika na vumbi, na inalala chini ya chenso usiku.

Nimekwenda kwa fundi wa kuchomelea pale Mafinga mjini. Alipoona ni bapa alikataa kwanza.

"Chuma hiki kigumu, kaka, kitanivunjia kekee."

Nikamwomba atumie kekee yake ya kutobolea chuma kigumu, mwendo wa polepole, mimi nikidondosha oili kwenye tundu. Amelipanua likawa refu kwenda juu, umbo la punje ya mchele. Nimelisafisha kwa tupa ndogo ili lisiache kingo zenye makali ndani ya mfereji. Masizi ya pili yameonyesha mdomo wote wa chenso umo ndani ya tundu.

10 Juni

Tenki moja la petroli, dakika 21, mlingoti. Oili: mililita 180. Ukilinganisha na 170 za juzi ni kama hakuna kilichotokea. Lakini kadibodi ina mstari! Mstari mwembamba, lakini umekamilika kutoka juu hadi chini. Oili inayotoka tenkini ni ileile, ila sasa inafika. Naona hapa ndipo ushauri mwingi wa kijiweni unapokosea. Tunahesabu kinachoondoka kwenye tenki, tunasahau kuhesabu kinachofika puani.

14 Juni

Chini ya mwili wa chenso kuna skrubu ya kuongeza na kupunguza oili. Ilikuwa katikati. Nimeigeuza kwa bisibisi mpaka mwisho wa kuongeza. Tenki moja: mililita 290. Mstari kwenye kadibodi umenenepa.

Kwa anayetaka kujaribu: chenso ya bapa fupi haihitaji skrubu mwishoni, utamwaga oili bure na kuchafua nguo. Na ukifungua mpaka mwisho, angalia kiwango cha tenki la oili kila unapojaza petroli. Mimi nimekubaliana na kijana kwamba kofia ya petroli haifunguliwi kabla ya ile ya oili.

17 Juni

Bibi mwenye vinyungu (bustani za mboga za bondeni) chini ya mlima tunakopasua amepanda hadi kwetu leo. Nimemwamkia, ameitikia, akakaa kwenye gogo, akapumua kwanza.

"Mwanangu, maji yangu yananuka lori."

Nimeshuka naye. Mfereji wake wa kumwagilia mboga una utando wa rangirangi juu ya maji, kama upinde wa mvua uliolala. Sikuwa na la kubisha. Oili ya mnyororo hairudi kwenye tenki kama ya injini. Yote, mpaka tone la mwisho, inarushwa nje: kwenye maranda, kwenye udongo, kwenye suruali, na mvua ikinyesha au ukungu ukitona inateremka bondeni. Tenki nne kwa siku, mililita 290 kila moja, ni zaidi ya lita moja. Tumekuwa juu ya kinyungu chake wiki tatu. Na oili chafu ni mbaya kuliko mpya, ina mabaki ya moto wa injini ambayo yanahusishwa na saratani ya ngozi kwa wanaoishika kila siku. Mikono ya kijana wangu huwa imelowa nayo hadi viwikoni.

Nimemwomba radhi bibi. Oili chafu nimeiacha leo, dumu lililobaki nimelirudisha gereji. Tumehamisha kituo cha kujazia mbali na mteremko, juu ya maranda makavu yaliyotandazwa nene.

18 Juni hadi 30 Juni

Nimejaribu vitu viwili badala ya oili chafu. Oili maalumu ya mnyororo, ile yenye kunatanata, sijaipata huku kwa kiasi cha kutumia kila siku.

Cha kwanza ni oili mpya ya injini, SAE 40 (daraja la uzito wa oili). Ni nzito ya kutosha kubaki kwenye mnyororo na ni safi. Kasoro yake ni kwamba hainati. Ukiitia kati ya kidole gumba na cha shahada na kuvitenganisha, inakatika mara moja, wakati oili ya mnyororo inavutika uzi mrefu. Huo uzi ndio unaozuia isirushwe yote pale puani. Halafu ni baridi ya Juni. Saa moja asubuhi, umande mweupe majanini, SAE 40 imeganda kama asali na pampu inaivuta kwa shida. Siku hizi dumu linalala ndani, na chenso tunaiacha ingurume dakika mbili kabla ya kuingia kwenye gogo.

Cha pili ni mafuta ya alizeti. Ulaya wanatumia sana mafuta ya mimea kwenye misumeno ya msituni, hasa yale ya mbegu za rapa, na Austria ilipiga marufuku oili za mnyororo zinazotokana na petroli tangu 1992. Kwetu rapa hakuna, alizeti ipo. Nimenunua ya kukamuliwa kienyeji, nikaiacha itulie siku nne, nikaichuja kwa kitambaa cha kanga mara mbili, maana machicha yake yangeziba kichujio nilichokiosha kwa taabu. Ni majimaji kuliko SAE 40, lakini inateleza vizuri ajabu. Bapa lilikuwa la uvuguvugu mahali ambapo SAE 40 iliacha joto la kuondoa mkono. Kazini inanukia chapati.

Ubaya wake niliuona baada ya kuiacha chenso ya akiba na alizeti siku kadhaa hadi tarehe 30. Mnyororo umekakamaa, viungo havipindi, umevikwa kitu cha manjano kama vanishi. Alizeti ikikutana na hewa inakauka taratibu na kugeuka gundi. Nimelowesha mnyororo kwenye dizeli usiku kucha ndipo ukalegea. Kwa hiyo alizeti haifai kulala kwenye tenki. Siku ya mwisho wa wiki lazima imwagwe na chenso izungushwe dakika chache kwa SAE 40.

5 Julai

Hata kwa skrubu mwishoni na matundu yanayokutana, gogo la sentimita 70 bado linapasha ukingo wa chini karibu na pua. Pampu imetoa ilichonacho. Nimeamua kupeleka oili moja kwa moja puani kwa chupa ya pembeni. Wapasuaji wengi wa fremu duniani wanafanya hivyo kwa mabapa marefu, sijabuni kitu.

Nimechukua chupa ya plastiki ya lita moja, nikaifunga kichwa chini kwenye fremu upande wa pua, na mpira wa dripu kutoka duka la dawa. Dripu ina kile kigurudumu cha kubana, unaona tone kwa tone. Ncha ya mpira nimeifungia kwenye fremu kwa waya ili itone juu ya mnyororo kwenye ukingo wa juu, vidole vinne kabla ya pua. Nimefikiria sana mahali pa kutonesha. Ukitonesha puani penyewe tone linarushwa kabla halijaingia. Ukitonesha kabla, viungo vinaimeza, inapita kwenye spoketi (gurudumu dogo la meno) ya puani na kugeukia chini ikiwa ndani ya mfereji.

Kwenye chupa naweka alizeti. Chupa haiumizwi na gundi kama pampu, naimwaga jioni na kuisuuza.

Matone 90 kwa dakika yametoa mililita tatu tu kwa bomba la sindano, maana tone la mafuta ni dogo kuliko la maji. Nimeongeza mpaka yakawa karibu uzi, mililita sita kwa dakika. Gogo la sentimita 70, ubao wa inchi mbili, kutoka mwanzo hadi mwisho: nimezima, nimevua glavu, nimeweka kiganja kwenye bapa karibu na pua na kuhesabu hadi kumi. Limekaa. Kijana naye ameweka kiganja, akaniangalia, akaweka tena.

19 Julai

Mpira wa dripu umekufa. Mafuta yameunyonya ulaini wake, umekuwa mgumu kama mrija wa kalamu, na mtikisiko wa fremu umeukata pale ulipoungana na chupa. Chupa nzima imemwagika kwenye ubao wa mteja, ubao mzuri usio na fundo hata moja. Nimemlipa.

Badala yake nimeweka mpira wa petroli wa pikipiki na koki ya tenki la pikipiki, vyote kutoka duka la vipuri vya bodaboda. Koki ina kichujio chake ndani, faida ya ziada. Kudhibiti tone ni kugumu kuliko kwa dripu, kwa hiyo kwenye ncha nimesukumia kipande cha shaba chenye tundu jembamba, na koki sasa ni ya kufungua na kufunga tu. Kijana ndiye mshika koki. Anafungua mnyororo unapogusa gogo, anafunga ubao unapoanguka, na anasema kwa sauti, "Imefungwa!", nami ndipo naachia resi.

2 Agosti

Bapa jipya limewasili, na safari hii nilikwenda dukani na kipande cha kadibodi nilichochora skrubu, tundu la oili na mkia wa chenso yangu. Nimekataa mabapa mawili kabla ya kupata linalolingana.

Sijalifunga hivihivi. Mnyororo mpya umelala kwenye kopo la SAE 40 usiku kucha ili oili iingie kwenye ripiti zinazounga viungo, maana pale ndani hakuna pampu inayofika kwa haraka. Nimeukaza ukiwa wa baridi, kiasi cha kuvutika kwa mkono bila kuning'inia chini, na baada ya ubao wa kwanza nikaukaza tena. Jioni naulegeza, kwani ukipoa unajikunja na kulibana bapa.

Nimejilaumu pia kwa jambo moja ambalo oili haiwezi kulitibu. Mnyororo butu unasugua badala ya kukata, na msuguano huo unaliunguza bapa hata ukimimina ndoo. Maranda ya kupasua yakitoka kama unga wa sembe, simama unoe. Sasa nanoa kila tenki mbili, na kila Jumamosi napitisha tupa tambarare kwenye kingo za bapa kuondoa ndimi za chuma zinazochomoza pembeni, kisha naligeuza la juu liwe chini ili kingo mbili zilike sawa. Baada ya kuligeuza nazibua tundu la oili la upande wa pili, ambalo muda wote huo lilikuwa linakusanya uchafu.

23 Agosti

Wiki tatu za bapa jipya. Tenki moja la petroli, wastani wa vipimo sita: SAE 40 kutoka tenkini mililita 285, alizeti kutoka kwenye chupa mililita 110. Mfereji nimeupima kina kwa kipande cha blade nilichokwangua alama siku ya kwanza, na alama bado inazama palepale. Hakuna buluu popote. Asubuhi hakuna dimbwi chini ya chenso.

SAE 40 inanigharimu kuliko oili chafu, sitaficha, na alizeti ni chakula, inauma kuitupa kwenye maranda. Nimeweka hesabu ya bapa moja na minyororo miwili niliyokuwa nanunua kila miezi mitatu, na bado nabakiwa na kitu.

Jumatatu nafungua chenso ya akiba. Nimeshaichungulia mkiani kwa tochi: tundu la oili halionekani kabisa, na spoku ya baiskeli ninayo.